Laini ya Iringa

Jumamosi moja ya mwaka 1976, soko la Sokomatola mjini Mbeya likiwa limefurika hata pa kukanyaga hapaonekani, Tusajigwe alipita nyuma ya lori lililoegeshwa karibu na wauza ndizi. Alikuwa amevaa gauni jeupe la mikono mipana, limeshonwa kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu ambao wala hakuuhitaji. Hapo hapo lori likanguruma, likatema moshi mweusi tii, na habari ya gauni jeupe ikaishia pale.

Moshi ulipopungua alimwona kijana amechuchumaa nyuma ya bomba la lori. Alivaa shati la maua na suruali ya bugaluu, nywele zake za afro zimechanwa vizuri, na mkononi alishika sahani nyeupe ya bati iliyojaa masizi. Alikuwa akiitazama sahani ile kwa furaha kama mtu aliyepakuliwa pilau.

"Kaka, unaniona?" Tusajigwe akamwuliza.

Kijana akainuka. Akaliona gauni, na ile furaha ikamtoka. "Dada yangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia dereva akanyage mafuta."

"Ili iweje?"

"Ili niuone moshi."

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Hata mimi nimeuona. Sasa niambie nani atalifua."

Kijana huyo aliitwa Masunga. Alikuwa fundi wa injini aliyetumwa kutoka Dar es Salaam kuwafundisha wenye malori wa Mbeya na Iringa namna ya kusafirisha mizigo yao bila kuwamwagia watu moshi. Alikagua nozeli za kunyunyizia dizeli na machujio ya hewa, akawakataza madereva kuacha injini zikinguruma bure, akawaambia matajiri kwamba moshi mweusi ni dizeli waliyoinunua ikashindwa kuungua. Mjini walikwisha mbatiza jina la Bwana Moshi. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, na mama yake aliuza maziwa Chimala, kando kabisa ya barabara kuu ya Zambia, mahali ambapo malori husimama bila kuzimwa. Mama huyo alikohoa kiangazi na masika. Habari hiyo Masunga hakuitaja siku ile. Siku ile alilichukua gauni, akalipeleka kwa dobi, akalirudisha baada ya siku chache likiwa na kivuli cha kijivu kwenye pindo ambacho hakikutoka tena.

Mapenzi yao yalianza hapo, kwenye sabuni. Jumapili mchana, wakati magari ya watu binafsi yalipokatazwa barabarani ili kuokoa mafuta, walitembea katikati ya lami wameshikana mikono, mlima Loleza unaonekana wote mpaka juu. Masunga alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu na kusema hewa ya Jumapili ina utamu wake. Tusajigwe alimjibu kwamba utamu huo unatokana na mtu aliye ubavuni mwake. Masunga akasema huenda, ila itabidi apime kwanza kwa sahani. Walicheka mpaka wapita njia wakageuka.

Sasa tuseme ukweli mapema. Tusajigwe alikuwa na wivu, tena ule wa kunyima usingizi. Masunga akisalimiwa na muuza karanga, Tusajigwe aliikumbuka sura ya muuza karanga yule wiki nzima. Alijijua, akajilaumu, akaendelea.

Na kazi yake haikumsaidia. Tusajigwe alikuwa dada wa simu. Alikaa mbele ya swichibodi pamoja na mwenzake Kalista, hedifoni kichwani, waya mikononi, akiwaunganisha watu wa Mbeya na watu wa Tukuyu, Chunya, Iringa na kwingineko. Siku ya kuajiriwa alikula kiapo: aunganishe, ahakikishe wawili wanasikilizana, kisha atoke kwenye laini na kuwaachia mambo yao. Masunga aliwahi kumtania juu ya hilo.

"Yale tunayozungumza, nyinyi mnayasikia?"

"Tumekula kiapo."

"Hata nikizungumza mimi?"

"Wewe una nini hasa cha kusikilizwa?"

Alisema hivyo akitazama pembeni, maana alikwisha msikiliza mara nyingi. Kila jioni Masunga alipiga simu gereji ya Iringa kuzungumza na Didas, msimamizi wa mafundi wa tajiri Gideoni, mwenye malori mengi kuliko wote barabara ile. Tusajigwe alibaki kwenye laini kwa ajili ya sauti tu. Sauti ya Masunga ilikuwa nzito na ya taratibu, na ikipita kwenye hedifoni ilimfanya ajione yuko naye karibu sana. Maneno hakuyajali, mpaka jioni aliyosikia jina la mwanamke.

"Roza hajambo?" Masunga aliuliza.

"Hajambo, ila asubuhi bado anakohoa," akajibu Didas.

"Maskini. Juzi nililala naye Nyololo, njia nzima alinisumbua. Lakini sasa nimemjua. Usimwamshe kwa pupa, mwache apate joto polepole."

Didas akacheka. "Wewe umempenda huyu."

"Nimempenda, nikufiche nini? Wote walikuwa wamemkatia tamaa."

Tusajigwe alihisi masikio yanawaka moto ndani ya hedifoni. Mtu wa Chunya aliyetaka Tukuyu akaunganishwa na kituo cha polisi, na Kalista ikabidi aombe radhi kwa niaba yake.

Angemwuliza Masunga vipi? Kulitaja jina la Roza kungekuwa sawa na kukiri kwamba anasikiliza, na dada wa simu anayesikiliza hana kazi. Basi akabaki na jina lile kifuani, likamchoma, na kila akimwona Masunga alimwuliza kwa kuzunguka mbali.

"Iringa kuna baridi?" alimwuliza siku moja wakinywa chai.

"Kuna."

"Unajifunika nini?"

"Blanketi."

"Peke yako?"

"Nina mablanketi mawili," akasema Masunga, akamsogezea sahani ya maandazi. "Una nini siku hizi, kipenzi? Mbona kama unanihoji?"

"Nikuhoji, kwani wewe una nini?"

Jioni zilizofuata alisikia kwamba Roza amepunguza kuvuta. Kisha akasikia kwamba Roza asiachwe kurudi mtupu kutoka Chimala, apewe magunia ya mpunga. Tusajigwe akamchora kichwani akakamilika: mwanamke wa mjini, midomo imekolezwa rangi, sigara katikati ya vidole, anakohoa kwa madaha, na kila akipita Chimala anahongwa mpunga wa Usangu. Yeye Tusajigwe, katika miezi yote ile, hakuwahi kupewa hata kilo.

Ikafika Ijumaa. Masunga alipiga simu jioni, sauti imechangamka.

"Didas, kesho ndiyo siku yake. Wazee wanakuja kumwona."

"Tumekwisha mwogesha," akasema Didas. "Anang'aa."

"Vizuri. Kesho saa sita mimi nitakuwa nimefika. Akipita kesho, Didas, maisha yangu yamenyooka. Sasa nisikilize, kuna jambo moja la mwisho juu ya Roza. Usije uka—"

Tusajigwe akachomoa waya.

Hakupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Wazee wanakwenda kumwona mwanamke kwa jambo gani kama si kuposa? Taa ya Masunga ikawaka tena pale pale.

"Mbeya, nambari tafadhali," akasema Tusajigwe, sauti kavu.

"Tusa, ni mimi. Nimekatika. Nirudishie Iringa, tafadhali, nina neno moja tu."

"Laini ya Iringa ni mbovu, bwana."

"Jaribu tena, mama. Ni muhimu sana."

"Nimesema ni mbovu."

Asubuhi hakuwa na zamu. Alivaa lile gauni jeupe lenye pindo la kijivu, makusudi, akavaa na raizoni zake, akapanda basi la Iringa. Masunga alikuwa ametangulia alfajiri na lori jingine. Njia nzima Tusajigwe alipanga maneno. Chimala aliona wanawake wanauza maziwa pembeni ya barabara, pua wamezifunika kwa vitenge, na hakujua kwamba mmoja wao angeweza kuwa mkwe wake. Nyololo basi liliposimama, aliwatazama wauza mahindi ya kuchoma mmoja baada ya mwingine, akijiuliza ni yupi anayefanana na Roza, na alinunua hindi ambalo hakulila.

Basi lilimshusha Ipogoro, chini ya mlima wa kupandia Iringa mjini. Watu wamejaa kando ya barabara. Katikati ya mlima lori kuukuu lililopakiwa magunia mpaka juu lilikuwa limekwama, linatetemeka, na kwenye bomba lake unatoka moshi mzito uliowafunika wanaume waliovaa makoti na kofia. Walikuwa wenye malori wa mji ule, wamealikwa na tajiri Gideoni. Baadhi yao walikohoa, wengine walicheka. Mmoja aliuliza kwa sauti kama Bwana Moshi alikuja kuuondoa moshi au kuuongeza. Masunga alisimama ubavuni mwa lori, masizi usoni.

Tusajigwe hakuyaona hayo vizuri. Wivu ulikuwa umemfumba macho. Alipanda mlima na raizoni zake, akawapita wenye makoti, akasimama mbele ya Masunga.

"Tusa?" Masunga akashangaa. "Umefuata nini huku?"

"Nimemfuata Roza. Mwite nimwone. Na hawa wazee waliokuja kumwona waniambie kama mahari wamekwisha toa."

Mwanaume mnene mwenye ovaroli, ambaye Tusajigwe aliitambua sauti yake alipofungua kinywa, akanyoosha spana kuelekea lori. Alikuwa Didas.

"Dada, Roza si huyo mbele yako?"

Tusajigwe akainua macho. Juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyekundu na maua mawili pembeni, pameandikwa ROZA.

Shuleni Tusajigwe alikuwa wa kwanza kwa Kiswahili, na mwalimu alimfundisha kwamba lori linakohoa, lori limechoka, lori limelala Nyololo. Lakini madereva wa barabara ile hawakusoma kwa mwalimu yule. Kwao lori wanalokula nalo vumbi ni mtu: anakohoa, amechoka, amelala, asirudi mtupu. Silabi moja tu mwanzoni mwa neno, nayo ilimnyima usingizi miezi miwili na kumleta mpaka pale.

Watu wakaangua kicheko, Didas akilazimika kushika tumbo. Hata Tusajigwe alitaka kucheka, kwa aibu na kwa nafuu iliyomjia mwilini. Akamtazama Masunga ili wacheke pamoja. Masunga hakucheka.

"Jina la Roza sijawahi kukutajia," alisema polepole.

Tusajigwe akalitazama pindo la gauni lake.

"Na jana laini haikuharibika."

"Haikuharibika."

"Ulikata wewe."

"Nilikata mimi."

Masunga akajifuta masizi kwa mkono wa ovaroli, yakazidi kuenea. "Unajua nilitaka kumwambia nini Didas? Kwamba asimpe dizeli ya yale mapipa mapya. Jana ndiyo tuligundua Mbeya kwamba imechanganywa na oili chafu. Neno moja tu, Tusa; leo nilipofika alikuwa amekwisha jazwa na kuanza kupanda. Wazee hawa wangeliona lori bovu kuliko yote linapanda mlima safi, wangekubali tuyashike malori yao yote. Mama yangu anauza maziwa Chimala. Mwaka huu anakohoa damu. Nilitaka barabara ile ipumue kidogo kabla hajafa."

Tusajigwe alitaka kumshika mkono. Masunga akauondoa, akaenda kuzima injini.

Hapo angeweza kuteremka, akapanda basi na kurudi kwao, kazi yake ikabaki salama. Aligeuka, akamwendea tajiri Gideoni, mzee mrefu mwenye fimbo na koti la sufu, ambaye alikuwa akiwaaga wageni wake kwa uso uliokunjamana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kosa si la Masunga. Jana alipiga simu kukataza mafuta yale, mimi nikamkatia. Mimi ni dada wa simu Mbeya. Nilikuwa nasikiliza."

Alisema kwa sauti, wenye makoti wote wakasikia. Mzee akamtazama kuanzia raizoni mpaka nywele.

"Unajua unaniambia nini? Nikimfikishia mkubwa wako, kazi huna."

"Najua, mzee."

"Kwa nini ulikata?"

"Wivu."

Gideoni akaligeukia lori. "Roza ni jina la marehemu mke wangu," alisema. "Nikirudi safari alikuwa ananusa mashati yangu moja moja, kisha ndiyo nasalimiwa. Siku moja alinifuata mpaka Nyololo, akanikuta nimelala chini ya lori na spana mkononi. Alilia." Akagonga fimbo chini, akawageukia wenzake. "Mabwana, Jumamosi ijayo tunapanda tena, kwa mafuta safi. Na simu safari hii napiga mwenyewe."

Masunga aliyasikia yote hayo akiwa amewapa mgongo. Tusajigwe alisubiri ageuke. Basi la kurudi Mbeya lilipopiga honi alikuwa bado hajageuka.

Wiki zikapita, na mzee Gideoni hakumfikishia mkubwa wake neno. Kwamba Roza alipanda mlima ule safi, Tusajigwe hakulisikia simuni, aliambiwa na madereva posta. Alianza kuona mwenyewe: malori ya Gideoni yalisimama stendi yamezimwa, na asubuhi za baridi moshi haukutanda tena juu ya Sokomatola kama zamani. Mtu mwingine angefurahi. Yeye kila akiona lori safi alisema moyoni, huyu naye amepita mikononi mwa Masunga, na lile jambo la kuonea wivu chuma lilimrudia, akajicheka mwenyewe kwa uchungu.

Masunga aliendelea kupiga simu.

"Iringa, tafadhali."

"Iringa, zungumza."

Ni hayo tu. Zamani angesema Tusa, angesema kipenzi. Tusajigwe aliunganisha, akazima swichi yake upesi, akakaa na kiu ya ile sauti. Labda kule Iringa sasa yupo Roza wa kweli, mwenye miguu miwili. Angeweza kujua kwa kurudisha swichi kidogo tu. Hakuirudisha.

Kisha ikaja jioni ambayo taa ya Masunga iliwaka mapema.

"Mbeya, nambari tafadhali."

"Naomba Tukuyu," akasema Masunga. "Duka la bwana Isakwisa."

Mkono wa Tusajigwe ukasimama hewani. Duka lile lilikuwa jirani na kwao, simu pekee ya mtaa.

"Unamtaka nani pale?"

"Mzee Anyitike. Nimemtumia salamu kwa dereva, anasubiri."

Mzee Anyitike alikuwa baba yake. "Unamtakia nini baba?"

"Dada wa simu, tangu lini mnauliza?" Sauti ilikuwa ya taratibu vile vile. "Lakini si mimi nitakayezungumza, haifai. Mshenga wangu yupo hapa."

Nyuma ya sauti ya Masunga, Tusajigwe alimsikia mzee akisafisha koo na kugonga fimbo sakafuni.

Akachomeka waya. Tukuyu ikaitika. Akaisikia sauti ya baba yake ikisema haloo kwa ukali, kama kawaida ya watu wasiozoea simu, na sauti ya Gideoni ikiamkia. Wawili walikuwa wanasikilizana. Kiapo chake kiliishia hapo.

Tusajigwe akaivua hedifoni, akaiweka mezani, akafumbata mikono mapajani.

"Wanasemaje?" Kalista akamnong'oneza.

"Sijui."

"Mwenzangu, ni posa yako."

"Sijui, Kalista."

Taa ndogo ikaendelea kuwaka. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na ile taa haikutaka kuzimika. Huenda anakataa. Huenda anauliza Wasukuma wanatoa ng'ombe wangapi. Huenda Masunga amewaeleza habari ya Roza na wote wanamcheka. Tusajigwe hakuwahi kutamani kitu kama alivyokitamani kile kidude cheusi mezani, na aliiuma midomo mpaka taa ikazimika. Mara ikawaka tena. Akaivaa hedifoni.

"Umesikia walivyosema?" Masunga akauliza.

"Sijasikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niliivua."

Alimsikia akivuta pumzi, kama alivyokuwa akivuta Jumapili mchana katikati ya lami.

"Basi itabidi nije nikwambie mwenyewe, kipenzi," akasema. "Jumamosi. Mama naye anakuja, anataka kukuona. Tajiri amenipa lori la kuwaleta wazee wangu kutoka Usangu."

Machozi yalikuwa yamemfika Tusajigwe machoni. Yakasimama.

"Lori gani?"

Masunga akasita.

"Masunga. Lori gani?"

"Roza."

"Njooni na basi," akasema Tusajigwe, na akachomoa waya.